Hadithi zangu za Mombasa ya kesho, kila anayesoma aona majini tu. Nifanyeje?

mpwani_mtongwe:
Asalaam alaykum na habari zenu nyote. Nina mswada wa hadithi fupi, zote za Mombasa ya miaka kama ishirini ijayo, na zote zina mambo ya kindotondoto. Kwa mfano kivuko cha Likoni. Leo mtu wa miguu avuka bure. Katika hadithi yangu aanza kutozwa, ila si pesa: mashine ya langoni yamchukua kumbukumbu moja. Mama atoka Likoni kwenda kazini mjini, jioni arudi halijui jina la mumewe. Nyingine, zile pembe kubwa za ndovu, za bandia, zilizosimamishwa juu ya Barabara ya Moi zarefuka kila usiku na kaunti yaajiri vijana wa kuzikata alfajiri. Nyingine, joto limezidi hata kivuli cha mwembe chauzwa sokoni Kongowea kwa saa.

Nimewapa jamaa wasome. Mjomba kauliza kisa cha jini wa kivukoni nimekipata kwa nani. Shangazi ataka nikasomewe. Huku kwetu jambo la ajabu lina maelezo yake tayari, na mtu akishasema "jini" basi hashangai tena. Nami nataka ashangae! Mchapishaji mmoja naye kaniambia niongeze sura ya kueleza mashine yafanyaje kazi, na kwamba hata hivyo shule hazitanunua. Nieleze, au niache?

Bi_Kidawa:
Wa alaykum salaam mwanangu. Usieleze. Wewe tia karatasi tu, kwani jini habandiki matangazo. Pale langoni weka notisi imeshikwa na selotepu: "Watoto wa chini ya miaka mitano hawatozwi. Wazee wenye upungufu wa kumbukumbu waje na barua ya chifu." Weka foleni, weka askari na kirungu chake, "songa mama, wenzio wachelewa." Msomaji wa Mombasa akiona barua ya chifu hawazi jini tena. Ajua hiyo ni serikali.

fundi_simu_buxton:
Heshima kwako Bi Kidawa, ila hapo kwa kutoeleza sikubali mia kwa mia. Mashine yachukua kumbukumbu gani? Mtu huchagua mwenyewe, au yachota yoyote? Sheria iwe moja mwanzo hadi mwisho, ukinibadilishia katikati naitupa hadithi. Halafu watu wa hapa nawajua. Kama kuchagua kwaruhusiwa, kila asubuhi watakariri takataka, namba za matatu huko, wakalipie hizo. Na langoni hakosi kijana anayekuuzia wimbo wa kukariri kwa shilingi kumi. Na daraja la kuelea, kama lile la Liwatoni la kuvukia kwa miguu, je? Mbona watu wasipite huko?

chuma_chakavu:
Pembe ni za alumini, kaka. Zikianza kurefuka, wanunuzi wa skrepa wamefika kabla ya kaunti kuamka 😂

mwl_changamwe:
Huyo mchapishaji wa "shule hazitanunua" amesahau haraka. "Tumbo Lisiloshiba" ya Said Ahmed Mohamed, hadithi iliyoupa jina mkusanyiko uliohaririwa na Alifa Chokocho na Dumu Kayanda, ilisomwa na watahiniwa wa KCSE, mtihani wa kidato cha nne, nchi nzima. Jitu laingia mkahawani kwa Mzee Mago, lamaliza vyakula vyote, laahidi kurudi kesho likitaka zaidi. Halielezwi limezaliwa wapi. Na darasani kwangu hakuna aliyesema ni jini, kwa kuwa mtaa wenyewe wa Madongoporomoka wamezewa mate na wanaotaka ardhi. Ajabu ile ina wa kufaidika nayo. Sasa kwako: hizo kumbukumbu zikishachukuliwa zaenda wapi? Nani azinunua? Huna haja ya kuandika jibu, lakini wewe ulijue, maana litajitokeza lenyewe katika vitu vidogo.

Wala si kwamba waanza wewe. Katama Mkangi, mtu wa Pwani hii hii, alishamrusha Dzombo hadi sayari nyingine katika riwaya yake *Walenisi* mwaka 1995.

mpwani_mtongwe:
Shukran sana. Fundi, daraja nimelizamisha ukurasa wa kwanza, usijali. Ila hiyo ya kukariri namba za matatu naiiba. Mwalimu, kumbukumbu zaenda kwa watalii. Sijaandika popote, lakini ndivyo.

mwl_changamwe:
Basi hapo una hadithi. Kabla hujalipia uchapishaji kutoka mfukoni, iangalie ile tuzo ya Kiswahili iliyoanzishwa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell. Hupokea hata miswada ambayo haijachapishwa. Soma tangazo la mwaka wenyewe uone kama hadithi fupi zimo.

Bi_Kidawa:
Na usianze na ya kivuko, yachosha moyo. Tanguliza pembe, watu wacheke, ndipo uwapeleke Likoni. Hiyo ya kivuli hujatuonjesha. Bandika hapa ukurasa mmoja.