Kuuza nyumba ya zamani ili ununue nyingine nje ya nchi: tuwe wakweli kuhusu ukaazi

Ndugu zangu, nalileta hili tulijadili kwa utulivu, maana naona watu wengi wanaliendea mbio. Mtu ana nyumba yake, haina deni, ameishi humo miaka. Je, ni sawa aiuze na fedha yote aipeleke kununua nyumba katika nchi nyingine? Kuna wanaosema nyumba ni mali kama mali nyingine, ukiona penye nafuu unaihamisha. Wengine wanasema aliyeuza paa lake ameuza pa kurudi.

Mimi nasema kuuza si kosa. Kosa ni kuuza kabla hujashika kibali cha ukaazi ambacho hakitegemei hiyo nyumba unayokwenda kuinunua.

Hati ya nyumba inakupa haki ya kumiliki. Haki ya kuishi inatolewa na idara nyingine kabisa, kwa sheria nyingine. Nchi nyingi zitakuuzia nyumba bila kukuuliza utakaa siku ngapi, na dalali hatakuambia, kwa sababu yeye anauza nyumba, hauzi ukaazi.

Nilimsindikiza mama mmoja, rafiki wa familia yetu, siku alipokwenda kuomba aongezewe muda wa kukaa ugenini. Alikuwa ameuza nyumba aliyolelea watoto wake wote. Hati ya nyumba mpya aliiweka kwenye mfuko wa plastiki, juu ya karatasi nyingine zote, akiamini ndiyo itakayomsemea. Afisa aliitazama muhuri tu, akaisukuma irudi chini ya kioo, akaomba uthibitisho wa kipato na bima ya afya. Mama akabaki ameishika kwa mikono miwili, kama mtu aliyerudishiwa zawadi. Siku zake zilipokwisha aliondoka. Funguo za nyumba yake anazo, lakini analala kwa mdogo wake, maana ile ya zamani ina wenyewe wapya.

Wala usidhani haya huwapata wasio na uwezo peke yao. Waingereza kwa maelfu walinunua nyumba Uhispania na Ufaransa wakati nchi yao ikiwa ndani ya Umoja wa Ulaya, wakawa wanakwenda na kukaa watakavyo. Kisha nchi yao ikajitoa, na tangu 1 Januari 2021, asiyekuwa amejiandikisha kama mkaazi anaruhusiwa siku 90 tu katika kila siku 180. Nyumba haikusogea hata hatua moja. Kilichobadilika ni cheo cha mwenye nyumba mbele ya sheria: jana mwenzao, leo mgeni.

Kuna atakayenijibu kwamba zipo nchi ambako ukinunua nyumba unapewa na kibali. Ni kweli. Ila tazama zilivyofunga mlango huo. Ureno iliondoa ununuzi wa nyumba kwenye mpango wake wa viza za wawekezaji Oktoba 2023. Uhispania, iliyokuwa ikitoa ukaazi kwa mgeni anayenunua nyumba ya kuanzia euro 500,000, ilifuta mpango wote tarehe 3 Aprili 2025. Waliokwisha kupewa waliachiwa, lakini fikiria aliyeuza kwao mwezi mmoja kabla, fedha ikiwa bado inapita benki. Nyumba njema si mlango, wahenga walisema, na hapa hata huo mlango una mwenyewe wa kuufunga.

Sasa suala linalowagawa watu zaidi: je, nchi inayozuia wageni kununua nyumba inabagua? Kanada imezuia wengi wao tangu 1 Januari 2023 na ikaongeza muda hadi 2027. New Zealand ilianza 2018. Australia imewafungia wageni nyumba zilizokwisha kujengwa kuanzia 1 Aprili 2025 hadi 31 Machi 2027. Singapore haikukataza, ila tangu Aprili 2023 mgeni analipa ushuru wa ziada wa asilimia 60 ya thamani. Mimi siwalaumu. Kijana aliyezaliwa mahali akishindwa kupanga hata chumba kwa sababu nyumba zimenunuliwa na watu wanaokuja wiki tatu kwa mwaka, serikali yake ina wajibu wa kumtazama yeye kwanza. Uchungu wake naujua.

Lakini kuna jambo wanunuzi hawalifikirii. Marufuku ya aina hiyo kwa kawaida haikunyang'anyi nyumba uliyonayo, ila siku ukitaka kuiuza, mgeni mwenzako hawezi tena kuinunua. Kama uko mtaa ambao karibu wote ni wageni, soko lako limekufa. Thailand hata bila marufuku mpya, wageni kwa pamoja hawawezi kumiliki zaidi ya asilimia 49 ya eneo la jengo la fleti, na ardhi kwa kawaida hawamiliki kabisa. Ndiyo maana wengine huiandikisha kwa jina la mchumba au rafiki. Hilo naomba msilifanye. Siku mkigombana, mbele ya sheria wewe huna kitu.

Fedha nayo ina mtego wake. Kati ya siku unayouza na siku unayonunua kuna wiki, pengine miezi, na thamani ya sarafu haikusubiri. Ukikopa ndiyo zaidi. Watu wengi wa Poland walichukua mikopo ya nyumba kwa faranga ya Uswisi kwa ajili ya riba ndogo, huku mishahara yao ni zloti. Tarehe 15 Januari 2015 benki kuu ya Uswisi iliacha kuizuia faranga isipande, na deni likavimba siku ileile. Kopa kwa sarafu unayolipwa.

Najua hoja ya upande wa pili, na ina uzito: "Nitapata wapi fedha ya nyumba ya pili kama sijauza ya kwanza?" Kupangisha ukiwa mbali kuna taabu, mpangaji anaharibu, ndugu uliyemwachia funguo anakula kodi. Sibishi. Basi wewe ndiye uwe mpangaji kwanza huko unakokwenda. Panga mwaka mzima, mpaka majira mabaya yakupitie, kibali kikiwa kinashughulikiwa. Kikitoka, uza.

Waliokwisha kuuza na kuhama, naomba mtueleze bila kuficha: siku mliyotia saini mauzo, mlikuwa na kibali mkononi, au mlikuwa na ahadi ya dalali?