Darasa la Sita Tanga na shule ya Uingereza kwa simu ya video: sauti, bando na saa

MwlDarasa6_Tanga
Wakuu, habari za kazi. Shule yetu ya msingi hapa Tanga mjini imepata darasa rafiki Uingereza, tunataka kuonana kwa video kila mwezi. Wanafunzi ni 64. Tuna kompyuta mpakato moja, projekta, spika ya Bluetooth na simu ya 4G ya kurushia intaneti. Ofisini tulipojaribu mambo yalikuwa shwari. Darasani, wenzetu wanasikia mwangwi wa sauti zao wenyewe, na kwetu picha inaganda. Bando kiasi gani linatosha, na tupange saa ngapi?

FundiSpika
Mwalimu, shughulikia sauti kwanza. Picha ikiganda watoto watavumilia, sauti ikikatika kipindi ndiyo basi tena.

Mwangwi wanaousikia wao unatoka kwenu: spika inatoa sauti yao, maiki inaidaka na kuirudisha. Programu ina kichujio cha kuufuta, lakini Bluetooth huchelewesha sauti na kichujio kinapoteana nayo. Halafu spika nyingi za aina hiyo zina maiki ndani. Kompyuta ikiichagua, sauti yote inadorora kama ya simu ya mezani. Tafuta spika ya waya ya tundu la 3.5 mm (lile la earphone), inayokula umeme wa USB. Kwa kuwa tundu hilo kwenye kompyuta nyingi ni moja tu, maiki nayo iwe ya USB.

Spika itazame darasa, maiki ikae nyuma yake. Usijaribu kunasa sauti za watoto 64 kwa pamoja. Weka kiti kimoja mbele, anayezungumza aje akae hapo, mdomo sentimita 20 hadi 30 kutoka kwenye maiki. Kiti kisiwe na dirisha nyuma yake, la sivyo wenzenu wataona kivuli tu. Na kifaa kinachoingia kwenye kikao kiwe kimoja. Simu ya mwalimu mwingine ikiingia kutoka chumba hichohicho, mtasikia mlio wa kutoboa masikio.

Mkipanga kuwapigia ngoma, kwenye Zoom washa kwanza mpangilio wa sauti halisi. Bila hivyo programu inaiona ngoma ni kelele na kuikatakata. Kama darasa ni bati tupu bila dari, msimu wa masika muwe na siku ya akiba. Mvua ya bati haina dawa.

BandoNaMnara
Upande wa intaneti: video ya ubora wa kawaida hula kama kbps 600 (kilobiti kwa sekunde) kwenda na 600 kurudi, yaani takriban MB 540 kwa saa. Nunua GB 2 upate nafasi ya jaribio. Ila kinachogandisha picha mara nyingi siyo ukubwa wa bando, ni kasi. Pima ukiwa darasani, muda uleule wa kipindi, na uangalie kasi ya kupakia (upload). Ikiwa chini ya Mbps 1, zima ubora wa HD.

Simu ikae dirishani, kwa sababu bati na kuta hupunguza nguvu ya mawimbi. Iunganishe na kompyuta kwa waya wa USB badala ya Wi-Fi: inachajiwa hapohapo na haipati joto sana. Kabla ya kuanza simamisha masasisho ya Windows, hayo ndiyo wezi wa bando.

Zoom ya bure hukata kikao dakika ya 40. Google Meet ya bure inatoa dakika 60 mkiwa watatu au zaidi, lakini vifaa vikiwa viwili tu haina haraka hiyo.

PwaniMwl
Saa ndizo huvuruga wengi. Uingereza iko nyuma yetu saa 3 wakati wa baridi na saa 2 wakati wa joto, maana wao husogeza saa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Saa 10:00 asubuhi ya London (yaani saa nne kwa Kiswahili) mwezi Januari ni saa saba mchana Tanga. Mwezi Mei ni saa sita. Andika mifumo yote miwili, wa Kiswahili na wa Kizungu, kwenye ujumbe, usiandike "saa nne" ukadhani wameelewa. Ijumaa mchana iacheni. Agosti wao wako likizo.

Watoto wasiende mikono mitupu. Silikanti, samaki aliyedhaniwa ametoweka mpaka alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938, ana hifadhi yake ya bahari hapo Tanga. Na lile ua la Saintpaulia wanalopanda kwenye vyungu vya madirishani Ulaya, asili yake ni misitu ya Usambara. Waulizeni nani analo nyumbani. Maswali sita yaliyoandikwa yanatosha. Anayemaliza kusema aseme "nimemaliza", kwani sauti huchelewa kidogo na watoto hudakiana maneno.

Idhini ya wazazi iwe ya maandishi (kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022). Majina ya kwanza tu, msirekodi, na kiungo kisisambazwe kwenye magrupu.

MwlDarasa6_Tanga
Ahsanteni sana. Umeme ukikatika katikati je?

FundiSpika
Projekta ya taa hula wati 200 hadi 300, UPS ndogo (betri ya akiba) itaibeba dakika chache tu. Usihangaike nayo. Zima kamera, wageuze watoto wakae karibu na spika, mwendelee kwa sauti. Betri ya kompyuta ndiyo inayoilisha spika ya USB, kwa hiyo iwe imejaa kabla ya kipindi.