K-PAX: mgonjwa ametupwa, na sisi tukapiga makofi

Wakuu, nimeitazama K-PAX kwa mara ya pili. Mara ya kwanza nilivutiwa na Kevin Spacey anavyokula ndizi pamoja na maganda yake. Safari hii nimeinuka na hasira, nami naomba niieleze. Ambaye hajaiona filamu hii ya mwaka 2001 na aishie hapa, kwa kuwa nitautaja mwisho wake.

Kwa muda mrefu tunachezeshwa kitendawili kimoja: Prot, anayeigizwa na Spacey, ni mgonjwa wa akili au kweli ametoka sayari nyingine? Anaona mwanga wa urujuanimno, ambao jicho la binadamu halioni, anawachorea wanaastronomia mzunguko wa sayari yake katika kundinyota la Kinubi, nao wanabaki midomo wazi. Sina ugomvi na hayo, maana ni hadithi ya kubuni na imeigizwa vizuri. Ugomvi wangu unaanzia pale ambapo hipnosisi, yaani kulazwa usingizi wa kuelekezwa ili aseme yaliyofichika, na baadaye safari ya Daktari Powell, daktari wake wa akili, kwenda New Mexico, vinapofichua kwamba ndani ya mwili ule yumo Robert Porter, mfanyakazi wa machinjio aliyerudi nyumbani akakuta mke na binti yake wameuawa, akamuua muuaji, kisha akajitosa mtoni ili naye afe.

Huyo ndiye mgonjwa. Lakini mtunzi wa filamu ameshatuwekea saa ya kuondoka kwa Prot, tarehe 27 Julai, saa 11 na dakika 51 alfajiri, na dakika hiyo inapowadia, Robert anakutwa ameganda, hasemi wala hatikisiki, huku wagonjwa wenzake wakishughulika na Bess, mgonjwa mwenzao aliyetoweka, kana kwamba yule aliyebaki si mtu tena. Prot hatupi hata ganda la ndizi. Filamu imemtupa Robert mzima mzima!

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba hali ile ina jina, katatonia, na ni miongoni mwa hali za magonjwa ya akili zinazoitikia tiba vizuri, kwa kuwa wagonjwa wengi hupata nafuu kwa lorazepamu, dawa ya kutuliza, tena wengine ndani ya saa au siku chache, na dawa ikishindwa ipo tiba ya mshtuko wa umeme. Powell ni daktari bingwa katika hospitali kubwa ya Manhattan, lakini tunachoonyeshwa ni yeye akisukuma kiti cha magurudumu na kumsimulia habari mtu asiyejibu, kisha anakwenda kupatana na mwanawe. Familia ya Robert imeuawa ili daktari ajifunze kuwa baba!

Nanyi mnaoisifu kuwa filamu ya matumaini, nina swali moja. Prot alimwomba Powell amtunze Robert. Ni katika onyesho lipi mlipomwona akitunzwa?