Tunachimba udongo wenye dizeli, tumekuta ukuta wa kale na sarafu. Naomba ushauri kabla ya Jumatatu

MchangaMwekundu (Jumamosi, saa 1 usiku)

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni msimamizi wa usalama kwenye kazi ya kusafisha udongo uliolowa mafuta, mji mmoja wa pwani ya kusini. Mji na kampuni naomba nisivitaje. Hapa palikuwa ghala la mafuta tangu enzi za baba zetu. Matangi yalivuja miaka na miaka, mpaka visima vya majirani vikaanza kunuka dizeli. Tunachimba udongo hadi vipimo viseme basi, tunaupakia kwenye malori na kuupeleka kwenye marundo, ambako unachanganywa na samadi na kupuliziwa hewa ili bakteria wayale mafuta.

Jumatano, kwenye kina cha mita moja na nusu hivi, kijiko, ile mashine ya kuchimbia, kiligonga kitu kigumu. Nikajua ni zege la msingi wa tangi. Tulipokwangua kwa koleo ukatokea ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa, umenyooka vizuri, unaelekea baharini. Pembeni yake udongo ni mweusi kwa mafuta na umejaa vigae vya vyungu, vipande vya kauri vya kijani na vingine vyeupe vyenye maua ya buluu, ushanga mwekundu mdogo kama punje za mtama, na sarafu nne nyembamba za shaba zenye maandishi ya Kiarabu.

Nilisimamisha kijiko. Bosi akasema Jumatatu ukuta uvunjwe, maana kijiko kinalipiwa kwa siku na mkataba una faini ya kuchelewa. Jana nimesikia vibarua wawili wameuza ushanga. Na kuna mtu wa pikipiki anakuja getini kuulizia sarafu.

Sarafu nimezichukua mimi. Ziko nyumbani kwenye kopo la maziwa, juu ya kabati. Sikuzichukua ili niuze, niliona zikibaki pale zitapotea. Nina watoto wawili.

Nikimruka bosi nikatoa taarifa, nitabaki na kazi? Mradi ukifungwa, majirani waendelee kunywa dizeli? Na hizi sarafu nizifanyeje?

Nahodha_Mtwara

Pole ndugu yangu. Nitasema lisilopendeza. Nimeishi mtaa wenye kisima kibovu, najua mama anavyohangaika na ndoo akiwa na mtoto mgongoni. Ukuta umekaa chini miaka mamia na hauna kiu. Ukileta watu wa makumbusho, eneo litazungushiwa utepe na mafuta yataendelea kushuka kwenye maji. Piga picha, weka kumbukumbu, kazi iendelee.

BintiMrima

Nahodha, hoja ya maji naiheshimu, lakini umeweka mambo mawili kwenye mzani mmoja wakati hayashindani. Eneo la kusafisha huwa limegawanywa viwanja vidogo vya kuchimba. Kiwanja chenye ukuta kinasimama, kijiko kinahamia kingine. Mara nyingi siku chache zinatosha kupima, kuchora na kuamua.

Nimesomea akiolojia na nimechimba pwani hii. MchangaMwekundu, ulivyovieleza ni mchanganyiko wa kawaida wa miji ya Waswahili: kauri ya kijani mara nyingi ni ya China, ushanga mwekundu mara nyingi ni wa India, na sarafu za shaba zenye Kiarabu zilipigwa hapa hapa kwetu, Kilwa. Sarafu za Kilwa hazina mwaka. Upande mmoja una jina la sultani, na upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu yanayofuata vina na jina hilo. Kwa hiyo sarafu peke yake haisemi mengi. Inasema inapokutwa na kigae fulani, kwenye tabaka fulani, chini ya sakafu fulani. Ukiiondoa bila kuandika ilikotoka, umeinyamazisha.

Mwaka 1944 mwanajeshi mmoja wa Australia, Maurie Isenberg, aliokota sarafu kwenye mchanga wa visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi yake. Alizihifadhi tu. Mwaka 1979 alipozipeleka zikaangaliwe, tano kati yake zikaonekana ni za Kilwa. Za Kilwa, kule! Jambo la maana ni kwamba alikuwa ameweka alama ya X kwenye ramani pale alipoziokota, ndiyo maana watafiti waliweza kurudi kutafuta. Wewe fanya hivyo usiku huu, kabla kumbukumbu haijafifia: kila sarafu ilitoka kiwanja gani, kina gani, umbali gani kutoka ukutani, na nani alikuwepo.

Jambo jingine. Mkaa au mbegu mtakazokuta msizichukue kiholela. Mafuta yametokana na viumbe wa mamilioni ya miaka, hayana tena ile kaboni inayotumika kupimia umri. Mkaa uliolowa dizeli unaweza kutoa umri mkubwa kuliko wake wa kweli. Anayekwenda kupima lazima aambiwe.

FundiVipimo

Hayo ya sultani wengine watayaongea. Mimi nimeshtuka kusoma kopo juu ya kabati na watoto wawili.

Ghala la zamani la mafuta halina dizeli peke yake. Petroli yenye risasi, ile metali yenye sumu, ilitumika Afrika yetu ya kusini mwa Sahara hadi mwishoni mwa 2005, na risasi haiozi wala kuliwa na bakteria. Ipo kwenye vumbi la udongo huo. Kwa mtoto hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, inagusa ubongo. Lile kopo litoke ndani leo. Vaa glavu, liweke ndani ya mfuko mwingine, funga, andika. Kabati lifutwe kwa kitambaa kibichi, usifagie kwa ufagio mkavu. Nguo za kazini zisifuliwe na za watoto.

Sarafu usizisugue! Najua mkono unawasha kutumia ndimu na majivu ili maandishi yang'ae. Ile kutu ya kijani ndiyo imeshika maandishi, ukiitoa umeyatoa. Wala usizioshe kwenye beseni, maji yale ni taka ya sumu, utayamwaga wapi? Kauri yenye mng'ao hainywi mafuta kirahisi, lakini kigae cha chungu kina vitundu, kinafyonza. Mfupa na mbao ndiyo zaidi. Kwa hiyo kila aina mfuko wake, na juu uandike kabisa kwamba vimetoka kwenye udongo wenye mafuta, ili wa maabara asivishike kwa mikono mitupu.

Wakili_wa_Kata

Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya 1964, iliyorekebishwa 1979, inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863. Aliyevikuta kwa bahati anatakiwa atoe taarifa mara moja kwa kiongozi wa serikali wa eneo au kwa wahusika wa malikale. Kwa hiyo humruki bosi, mnatimiza wajibu ambao yeye pia anao. Mwambie hivyo kwa adabu na kwa maandishi. Kuuza bila kibali ni kosa, waambie wale vibarua wawili mapema, huenda ushanga ukarudi.

Sarafu zilizo kwako ndizo zinanitia wasiwasi. Kila siku inayopita, maelezo yako yanakuwa magumu kuaminika. Andika leo karatasi yenye tarehe, taja idadi, sababu ya kuziondoa na zilipo, upate mashahidi wawili. Jumatatu asubuhi uzikabidhi ofisi ya Mkuu wa Wilaya na usainiwe kuzipokea. Baruapepe ipelekwe Idara ya Malikale, Wizara ya Maliasili na Utalii.

Halafu fungua mpango wa usimamizi wa mazingira wa mradi wenu. Miradi mingi yenye cheti cha NEMC, baraza la taifa la mazingira, na hasa yenye fedha za wafadhili wakubwa, ina kipengele cha nini kifanyike vitu vya kale vikikutwa kwa bahati. Kikiwemo, kusimama hakutokani na wewe, kumeandikwa. Hata ile faini ya kuchelewa mhandisi mshauri anaweza kuongeza muda. Ikifika kufukuzwa, kuna Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya 2015, lakini naamini hutafika huko.

Mwinyi_Stratford

Nipo London. Bustani ya Olimpiki ya 2012 hapa mashariki ilijengwa juu ya ardhi ya viwanda iliyojaa mafuta, lami na metali. Waliweka mitambo ya kuosha udongo, na wanaakiolojia walikuwa humo humo. Chini ya lilipo bwawa la kuogelea walikuta mifupa ya watu wa zama za chuma. Michezo ilianza kwa wakati.

MchangaMwekundu (Jumapili, saa 4 asubuhi)

Wakuu, Mungu awabariki. Sikulala. Kopo limetoka ndani, kabati limefutwa, karatasi imeandikwa na mashahidi ni mlinzi wa geti na jirani yangu. Kipengele nimekipata, ukurasa wa mwisho kabisa wa kiambatanisho. Nimempigia bosi nikamsomea. Alikaa kimya muda mrefu, akasema kijiko kihamie upande wa barabarani, yeye atamwandikia mhandisi. Kijana mmoja amerudisha ushanga, punje kumi na saba ndani ya karatasi ya sigara.

Nahodha, upande wa barabarani ndiko viliko visima. Tutaanza huko.

MzeeKibwana

Mwanangu, nimesoma kimya kimya. Umesema ukuta unaelekea baharini. Kwetu bahari ni mashariki, na kibla chetu ni kaskazini, karibu kaskazini kamili. Ukuta wa kibla, ule wa mbele msikitini, basi hulala hivyo hivyo, magharibi kwa mashariki. Utazame upande wake wa kaskazini, kama kuna mahali unatoka nje kwa nusu duara, yaani mihrabu anaposimama imamu. Ukipaona, mwite shehe na mwenyekiti wa mtaa kabla ya mtu yeyote kuchimba tena, kwa sababu wazee walizikwa karibu na misikiti yao.

MchangaMwekundu (Jumapili, saa 10 jioni)

Shikamoo mzee wangu. Nimekwenda na dira ya simu. Ukuta umelala magharibi kwa mashariki. Upande wa kaskazini, mita tatu kutoka mwisho, mawe yanapinda. Sikugusa. Tumefunika kwa turubai na kuweka mawe pembeni lisipeperuke, na mlinzi ataketi hapo usiku. Shehe anakuja baada ya magharibi.