Nyanya hajui kuogelea na tuna pesa za boti siku moja tu: hifadhi ya Malindi, Watamu au Manda Toto?

MamaWawili_Nakuru
Hamjambo nyote. Shule zikifungwa Desemba tunashuka Pwani: mimi, mume wangu, watoto wawili (wa miaka 12 na 8) na mama mkwe mwenye miaka 67 ambaye hajawahi kuingia baharini kupita magoti. Yeye ndiye aliyeianzisha safari hii. Amesema anataka kuwaona samaki wa rangi kwa macho yake, si kwenye televisheni. Tutalala Malindi siku nne, kisha Lamu siku tatu kwa wifi yangu. Boti tumeipangia bajeti ya siku moja tu. Wengine wananiambia hifadhi ya Malindi, wengine Watamu, wifi anashikilia Manda Toto. Tafadhali anayejua aniambie pa kwenda na sababu yake.

Baharia_Mayungu
Karibu dada. Mimi nimekulia kwenye boti, kwa hivyo nitaanza na swali ambalo wageni hawaulizi: siku hizo mwezi utakuwa tarehe ngapi? Si Desemba, mwezi wa angani. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu tunapata bamvua, maji yanakupwa sana na kujaa sana. Kati yake, tarehe saba hivi na ishirini na mbili hivi, ni maji mafu, bahari haiendi mbali.

Kwa pwani yetu, siku za bamvua maji hukupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Hiyo ndiyo saa ya dhahabu kwenye matumbawe. Mwamba wa nje unakuwa juu na kuyavunja mawimbi, ndani kunabaki maji matulivu kama ya birika, na samaki wako karibu na uso. Ukienda mahali hapohapo maji yamejaa, utaona kivuli cha matumbawe chini huko na boti itayumba. Watu wawili wanaweza kwenda sehemu moja wiki moja, mmoja akarudi anaimba na mwingine akarudi analalamika, tofauti ikiwa ni saa tu.

La pili ni tope. Mto Sabaki unaingia baharini kaskazini mwa mji wa Malindi. Mvua za vuli zikinyesha bara, maji yake huja mekundu, na upepo wa kaskazi unayasukuma kusini, yaani kuelekea hifadhini. Napenda sana hifadhi yetu ya Malindi, lakini Desemba baada ya vuli nzito siwezi kumpeleka mama wa watu pale bila kwanza kuyatazama maji. Watamu iko mbali zaidi na mto, tope haliifikii kwa urahisi.

MamaWawili_Nakuru
Asante sana kaka. Nimeangalia kalenda: siku za Malindi zinaangukia mwezi 28 hadi mwezi mosi. Lamu itakuwa mwezi 3 hadi 5.

Baharia_Mayungu
Basi boti yako iwe Malindi au Watamu. Umeangukia bamvua.

Binti_Amu
Nami niwatetee Waamu kidogo! Manda Toto ni kisiwa kidogo upande wa mashariki wa Manda, kisiwa jirani cha Lamu, na siku ya kaskazi yenye maji safi, mtu akizamisha uso pale hasahau. Juu ya hayo unapata jahazi, mtu anayekuchomea samaki ufuoni na wali wa nazi, na njiani unapita kwenye mikoko. Wifi yako hajakosea kupapenda.

Lakini nitasema kweli kwa sababu ya huyo mama. Jahazi hupita Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya Manda na bara, na chombo kizito hapo hungoja maji yajae. Mwezi 4 maji hujaa alfajiri na tena magharibi. Maana yake mnaondoka na giza na kurudi jioni, na katikati mna jua kutwa nzima. Kwenda, kaskazi iko usoni mwenu, chombo kinarushwa. Na jahazi halina kioo chini cha kutazamia samaki: asiyeingia majini haoni kitu. Mimi ningewaacha watoto waje na baba yao mwaka mwingine, siku za maji mafu, ambapo maji hujaa kama saa nne asubuhi.

Mkiwa Lamu, mpelekeni mama magofu ya Takwa. Huko pia huendwa maji yakiwa yamejaa, kwa mfereji wa mikokoni, lakini ni safari fupi na tulivu.

Mjukuu_wa_Kilifi
Mimi nilimpeleka mama yangu kwa boti ya kioo mwaka juzi, naye pia haogelei. Niongeze yale ambayo ningependa kuambiwa. Kwanza, kagua kioo kabla ya kulipa. Kioo chetu kilikuwa kimekwaruzwa hadi hakionyeshi kitu, na mama alikaa saa nzima akitazama ukungu. Ningemwomba nahodha tubadilishe boti tukiwa bado ufuoni, lakini niliona haya, na hadi leo inaniuma. Pili, mkubaliane bei ya boti nzima, si kwa kichwa, na mwulize wazi kama ada ya hifadhi iko ndani. Kwa kawaida haimo. KWS, shirika la wanyamapori, hulipwa kwa eCitizen, mtandao wa serikali, si pesa taslimu langoni, na mwende na vitambulisho mpate bei ya raia.

Tatu, mama ajaribu kulivaa jaketi la kuokolea angali nchi kavu. Akilifunga akiwa tayari boti inayumba ataogopa, na akiogopa hatainama kutazama.

Mwalimu_Gede
Naomba niseme jambo linalonikaa moyoni. Nahodha akitoa mkate na kuwarushia samaki ili wageni wafurahi, mkataeni kwa heshima. Samaki wanaokula mwani juu ya matumbawe, kama pono na tasi, wana kazi pale: wakishiba mkate mwani unaota na kuyafunika. Na hao samaki wa milia wanaokimbilia mkate huwafukuza wengine, kwa hivyo mtaona aina moja tu mkidhani mmeona bahari.

Matumbawe haya yameshaumia. Joto la 1998, mwaka wa El Niño, liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani ya Kenya, na yaliyorudi yamerudi polepole. Hifadhi za Malindi na Watamu zilitengwa 1968, miongoni mwa za kwanza za baharini Afrika, na tofauti inaonekana: ndani ya hifadhi, ambako havuliwi, chewa na changu hawamkimbii mtu. Kwa hiyo mwulizeni nahodha anafunga chombo kwenye boya au anatupa nanga. Anayetupa nanga juu ya matumbawe, tafuteni mwingine. Watoto nao waambiwe mapema wasisimame juu ya mwamba hata wakichoka. Walale chali, jaketi litawabeba.

MamaWawili_Nakuru
Mwalimu, nimewasomea watoto ujumbe wako mezani. Tumechagua Watamu, boti ya kioo, mwezi 29. Je, kutoka Malindi tutoke saa ngapi?

Mwalimu_Gede
Matatu hadi Gede, kisha tuktuk hadi ufuoni. Saa moja asubuhi muwe njiani, saa tatu muwe majini, maji yangali yakishuka. Mama anywe chai na kitu kikavu, asiende na tumbo tupu.

MamaWawili_Nakuru
Tumerudi Nakuru juzi. Tulikikagua kioo cha kwanza, kilikuwa na ukungu, nikakumbuka ya Mjukuu_wa_Kilifi na tukaomba boti nyingine. Nahodha hakukasirika hata kidogo. Saa nne tulikuwa juu ya matumbawe, maji yametulia vile mlivyosema. Mkunga alitoa kichwa shimoni chini ya kioo na mama akapiga kelele ya furaha, kisha akanyamaza kwa muda mrefu. Kijana wangu mdogo aliona kasa akila majani na akamfuata kwa macho tu, bila kumgusa.

Halafu mama akauliza kama anaweza kuingia. Nahodha alishusha ngazi, akamshika mkono, na mume wangu upande wa pili. Alizamisha uso mara tatu akiwa ameshikilia ngazi. Mara ya tatu hakutaka kutoka.

Mgeni_Thika
Nimefuatilia mwanzo hadi mwisho. Sisi likizo yetu ni Aprili. Hesabu ni hiyohiyo?

Baharia_Mayungu
Mwezi ni uleule, ndugu, lakini upepo sio. Aprili masika yanaanza na kusi inaingia, bahari inachafuka. Kama mnaweza kungoja, njooni mwishoni mwa Oktoba, kusi imeshalala na mvua za vuli bado hazijashika.