FG 42: toleo la kwanza na la pili nitayatofautishaje kwenye picha?

Mdau_Upanga: Wakubwa shikamooni. Nakusanya picha na habari za FG 42, bunduki ya askari wa miamvuli wa Ujerumani. Nina picha mbili kutoka kwa muuza vitabu wa Posta. Jina moja, ila bunduki hazifanani kabisa! Ipi ilitangulia?

Mkongwe_Kigamboni: Marahaba kijana. Tazama mshikio. Wa toleo la kwanza umelala sana kwenda nyuma, na kitako ni cha bati. Toleo la pili mshikio umesimama, kitako cha mbao, na miguu ya mbele imesogezwa karibu na mdomo wa mtutu. Magazini ya risasi 20 iko ubavuni kushoto kwa zote, isikubabaishe.

Bi_Historia: Usiiache Krete, kisiwa cha Ugiriki ambako askari wa miamvuli wa Ujerumani walishuka Mei 1941. Wengi waliruka na bastola tu. Bunduki zilishushwa peke yake kwenye makasha, watu wakauawa wakizikimbilia. Inaniuma kila nikisoma. Ndipo Luftwaffe, jeshi la anga la Ujerumani, ikataka silaha ya kuruka nayo. Zilitengenezwa kama 7,000 tu.

Mdau_Upanga: Asanteni mno. Yenye kitako cha bati imeandikwa Gran Sasso, mlima wa Italia, Septemba 1943, Wajerumani walipomtorosha Mussolini, dikteta wa Italia aliyekuwa amezuiliwa huko. Inaendana kabisa na maelezo ya mzee.