Mulilala wapi?

Kikundi: Bana ba Kambo (watoto na wajukuu wa bibi)
Jumamosi

Béa, 7:52
Yambo yenu wote. Tulifika Lubumbashi jana mangaribi, salama. Toka Likasi ni kilomita 120 hivi, lakini ukiwa nyuma ya malori ya shaba ni kama 300. Didier angali analala. Kambo, watoto wameamka?

Kambo Régine, 8:05
Baliamka, banakula mikate. Mudogo alilia kidogo. Nikamwambia papa na mama beko mu sherehe ya ndoa yao, akanyamaza. Musirudi mbio.

Clarisse (Kolwezi), 8:11
Miaka 10! Tuma picha basi. Sisi wengine wikendi yetu ni kufua.

Béa, 8:30
[picha]
Hapa ni dirishani. Ona jakaranda zilivyochanua, barabara yote zambarau. Maua yamejaa juu ya gari letu, mtu angedhani ndio tunafunga ndoa leo.

Mama Mukubwa (Katuba), 8:41
Maua mazuri. Na ile kitanda nyuma yako ni kitanda ya nani?

Mama Mukubwa, 8:49
Béa.

Mama Mukubwa, 8:50
Mulilala wapi?

Junior, 9:02
😂😂 Wamekwisha

Clarisse, 9:04
Mama Mukubwa, walitaka kuwa wawili tu, siku mbili.

Mama Mukubwa, 9:10
Mi niko na vyumba tatu hapa. Mutoto ya mudogo yangu anafika Lubumbashi, anaenda kulipa franga juu ya usingizi. Juu ya usingizi! Kwani kwangu usingizi inaisha?

Didier, 9:15
Mama, yambo. Kosa ni langu, Béa hakujua kitu. Nilifikiri nisikusumbue.

Mama Mukubwa, 9:16
Sawa.

Clarisse, 9:17
Hiyo "sawa" mimi naiogopa.

Béa, 12:20
Tumetoka makumbusho. Nilikuwa naona ile misalaba ya shaba kwenye vitambaa tu, sikujua kwamba ilikuwa pesa. Ina umbo la X, wazee walikuwa wanayeyusha shaba na kuimwaga kwenye kalibu. Mingine ni midogo kama kidole, mingine mtu anaibeba kwa mikono miwili. Na wengine walizikwa nayo. Didier amesimama mbele ya kabati moja mpaka mlinzi akaanza kumtazama vibaya.

Didier, 12:24
Nilikuwa nahesabu mahari ya Béa kwa misalaba. Ningeshindwa.

Béa, 13:05
Nje kuna mafundi wa malakiti, lile jiwe la kijani. Mmoja alikuwa na misalaba midogo ya shaba pia. Nimeuza miwili! Alianza na dola 30, tukamaliza 12.

Shemeji Hamisi (Kigoma), 13:09
Mmeuza misalaba? Jamani, nauli imeisha? Semeni tuwatumie.

Nadine (Kigoma), 13:10
Mume wangu, kwetu "kuuza" ni kununua. Anayetoa mali yake ni yule "anayeuzisha".

Shemeji Hamisi, 13:12
Miaka minne nimeoa huku na hili sikuambiwa. Kumbe siku ile mama mkwe aliposema "nimeuza mbuzi kwa ajili yako" nilisikitika bure.

Junior, 14:30
Mmefika Kamalondo? Msirudi Likasi bila picha ya uwanja wa Mazembe.

Didier, 14:52
[picha]
Hii hapa, baba. Geti limefungwa, tumepiga kwa nje.

Junior, 14:53
Yatosha. Shemeji Hamisi aone nyumba ya mabingwa wa Afrika mara 5. 2010 tulicheza fainali ya klabu za dunia, klabu ya kwanza ya Afrika kufika pale.

Shemeji Hamisi, 14:55
Na Inter wakawapiga ngapi?

Junior, 14:58
Mambo ya 3-0 tunaongelea nini tena. Tulifika.

Didier, 15:20
Jua ni kali. Nimekaa mahali, nakunywa bia, Simba moja baridi.

Shemeji Hamisi, 15:21
Mimi Yanga damu. Niwekee Simba mbili, nizimeze zote.

Béa, 16:40
[picha]
Kambo, hii ni yako. Ile chimini ya kiwanda na mlima mweusi wa masazo ya shaba. Nimetazama sana, leo sikuona moshi.

Kambo Régine, 16:58
[sauti, 0:47]

Nadine, 17:06
Kwa wasioweza kusikiliza: Kambo anasema alifika pale mji ukiitwa bado Elisabethville, na babu alifanya kazi kwenye tanuru za Union Minière, kampuni ya shaba, kabla haijawa Gécamines. Walikuwa wanaangalia moshi unaelekea wapi ndipo wanaanika nguo. Ukigeuka, shuka zote zinaingia ndani mbio. Halafu amecheka, halafu kuna mtoto analia, halafu imekatika.

Béa, 17:09
Kambo, nimesimama hapa nalia kama mjinga. Didier anafikiri ni vumbi.

Mama Mukubwa, 19:33
Kesho munatoka saa ngapi?

Didier, 19:34
Saa nane mchana, mama.

Mama Mukubwa, 19:35
Saa sita muko hapa. Bukari, samaki ya tomson, mboga ya lengalenga. Binkubala, bile biwavi, kwa Béa, najua anapenda. Musikule kule kwa batu.

Béa, 19:36
Ndiyo mama 🙏🏾

Didier, 19:41
Ila tumeshaagiza nyama choma, michopo ya jioni hii...

Clarisse, 19:42
Didier, nyamaza.

Jumapili

Junior, 13:50
Mko njiani?

Clarisse, 14:30
Béa? Didier?

Mama Mukubwa, 14:44
[picha]
Huyu hapa, ku divani yangu, mudomo wazi. Béa naye analala ku chumba. Balikula vizuri.

Mama Mukubwa, 14:45
Hii usingizi hatulipishe.

Kambo Régine, 14:51
Baache balale. Batoto beko bazima.